Sadaka au Taka?

Mejumaa hapigi hodi kama watu wengine. Anausimamisha mkokoteni wake chini ya dirisha, anakohoa mara moja, kisha anaita: "Sabalkheri wenye nyumba! Muna nini leo?" Ukimtolea kitu, hata kiwe kikombe kilichovunjika mkono, atakuuliza swali analouliza Mji wa Kale mzima: "Sadaka au taka?"

Ukisema taka, kitu kinaingia upande wa kushoto, na jioni kitauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu au wa plastiki. Ukisema sadaka, kinawekwa kulia juu ya mkeka safi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Nguo huifua kwake Bondeni, akaishona vifungo na kuipiga pasi kabla ya kumpa mtu. Bwana mmoja aliwahi kumpa suruali iliyochanika matakoni, akasema sadaka. Mejumaa alimrudishia papo hapo mbele ya watu. "Maskini naye ana haya, bwana," akamwambia.

Tena ana ndoo yenye mfuniko. Humo hutia betri za rimoti, globu zilizoungua alizozifunga gazeti, na dawa zilizopitwa na wakati, ambazo huzipeleka kwa mwenye duka la dawa aliyekubali kuzipokea. Siku moja alinikuta namwaga dawa ya kikohozi ya mwaka juzi kwenye mtaro. "Subhanallah!" akanikemea kama mamangu. "Wataka samaki wapone kifua?" Nilinuna siku mbili, lakini sijamwaga tena.

Ukimuuliza haya kayajulia wapi, atakwambia alifagia ghala bandarini Kilindini miaka kumi na miwili, akiona vitu vizima vikitupwa kwa sababu tu boksi limepasuka. Alipoacha kazi alinunua mkokoteni. Milango ya hapa kwetu haifunguliwi kwa kila mtu, ila yeye hufunguliwa, kwa kuwa sadaka yako hutaiona kwa mwenye duka ikiuzwa. Na ana sheria moja: taka unaweza kuifuata ukijuta, lakini sadaka hairudi. Ushampa Mungu.

Sheria hiyo ndiyo iliyonitia mashakani mimi na kimbelembele changu.

Ilikuwa Shaabani, kila nyumba inasafishwa kuupokea mwezi mtukufu. Mavyaa wangu, Bi Swafia, mama wa mume wangu, alikuwa Lamu kwenye harusi. Mimi nilikuwa nimenunua mashine ya umeme ya kukunia nazi, na mbuzi ya zamani, ile ya ubao wa kukalia, imekaa pembeni mwa jiko, ulimi wake umeshika kutu. Ilikuwa ya Bi Swafia, nilijua. Lakini nilijiambia vitu vya jikoni ni vya mwenye kupika, na siku hizi mpishi ni mimi.

Mejumaa alipokohoa, nikashuka nayo. Jirani wa mkabala alikuwa dirishani. Basi alipouliza "Sadaka au taka?" nikainua sauti: "Sadaka, dadangu! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!" Jirani akatikisa kichwa kwa kunisifu. Nikapanda ngazi nimevimba kichwa.

Jumanne Bi Swafia akapiga simu. "Mkaza mwanangu, naja Alhamisi na nazi za shambani. Nisafishie mbuzi yangu. Yataka mafuta kidogo, mamangu alikuwa akiipaka kila Shaabani."

Hakuwahi kuniambia kuwa ilikuwa ya mamake. Na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nilimkimbilia Mejumaa hadi Bondeni, nikamwambia Bi Swafia anaitaka mbuzi. Hakubadilika hata uso. "Ulisema sadaka. Mtaa mzima ulikusikia."

"Nilisema tu!"

"Basi njoo uone ilipo," akanishika mkono.

Ilikuwa uani kwa Mbeyu, mama muuza mbaazi za nazi na mahamri. Mbuzi imepakwa mafuta, ulimi umetiwa makali hadi unameta, na Mbeyu ameikalia, anakuna mbiombio. Zamani alikuwa akiazima ya jirani na kungoja amalize kwanza, mbaazi zikichelewa, wateja wa asubuhi wakaenda kwengine. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Nilimnong'oneza Mejumaa kwamba nitamnunulia Mbeyu mpya.

"Hiyo mpya kampe Bi Swafia," akajibu.

Alhamisi nilimwambia mavyaa wangu yote, hata ile ya jirani dirishani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Hata buibui hakulivua. "Twende," akasema.

Tulimkuta Mejumaa kwa Mbeyu, ameleta sufuria. Bi Swafia akaamkia, akaiendea mbuzi, akaikalia. Akachukua nusu ya nazi na kuikuna yote, polepole, sisi tumesimama. Mbeyu alikuwa akifuta mikono kwenye leso yake ingawa ilikuwa imekauka zamani.

"Hii ni yangu," alisema Bi Swafia. "Mamangu alinipa siku nilipoolewa. Huyu mkaza mwanangu hakuwa na ruhusa ya kuitoa. Mtu hatoi sadaka mali ya mwenzake."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mejumaa akiinamisha kichwa. "Ni kweli, bibi. Nilipaswa kuuliza ni ya nani, nami sikuuliza. Kosa langu. Ichukue."

Mbeyu akaikusanya nazi iliyokunwa, akaiweka kando, kisha akaanza kuifuta mbuzi ile kwa ncha ya leso ili aturudishie safi. Hilo lilinichoma. Ningeweza kulia pale pale.

Bi Swafia alimtazama akifuta. "Umeipaka mafuta gani?"

"Ya nazi, mama. Kidogo kidogo."

"Ndiyo hayo hayo ya mamangu." Kisha akamgeukia Mejumaa. "Hebu niulize lile swali lako."

"Swali lipi?"

"Ulilomuuliza mkaza mwanangu."

Mejumaa akakohoa kama yuko chini ya dirisha. "Kitu cha nani?"

"Changu."

"Sadaka au taka?"

Bi Swafia aliuweka mkono juu ya ule ubao, pale palipolika kwa kukaliwa na mamake na yeye. Aliuacha hapo kitambo. Jibu lake lilitoka kwa sauti ndogo, hata jirani wa ukutani asingelisikia.

"Sadaka."

Tangu siku hiyo Mejumaa huuliza maswali mawili mlangoni, na la kwanza ni kitu cha nani.

Tulirudi kwa miguu. Biashara Street watu walikuwa wakigombea leso za kuupokea mwezi, na mimi nilitamani anitukane tu yaishe. Tulipokaribia nyumbani akasimama kupumua, akaushika mkono wangu.

"Hiyo mashine yako," akasema, "itanirusha umeme?"

"Hairushi, mama."

"Basi utanifunza. Nazi ziko kumi na mbili, na mbuzi sina."