Dolina Aliyeiogopa Meza

Watu wa Croisgeir walipotaja wanawake wacha Mungu wa kijiji chao, jina la Dolina halikukosekana. Baba yake, Mzee Calum, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye mwenyewe alijua zaburi nyingi kwa moyo, na maji ya Jumapili aliyachota Jumamosi, asije akafanya kazi Siku ya Bwana. Kila mwezi wa kumi, washirika wa parokia nyingine walipokuja kwa Juma la Meza, juma la Ushirika Mtakatifu, aliwalaza wageni sita au saba nyumbani kwake, akawalisha tangu Alhamisi mpaka Jumatatu. Lakini mkate wenyewe wa Meza ya Bwana hakuwahi kuutia kinywani, wala kikombe hakukigusa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Jambo hilo halikumshangaza mtu. Pale kisiwani Lewis, kanisa lenye watu mia nne lingeweza kuwa na washirika wa Meza arobaini tu. Waliobaki walikuja kila Jumapili, wakaimba, wakasikiliza mahubiri mawili, wakazeeka na kuzikwa, wasithubutu kusogea mbele. Waliogopa kula bila kustahili. Dolina aliogopa kuwashinda wote, naye alikuwa na sababu.

Alipokuwa na miaka saba, mtu mmoja aitwaye Iain aliomba kupokewa Mezani. Wazee wengine walimtilia shaka, lakini akapokewa, akala mwezi wa kumi. Kabla majira ya kuchipua hayajaisha alianguka akikata mboji, ule udongo wa kinamasi unaokaushwa uwe kuni, uso ndani ya maji meusi, akafa papo hapo. Dolina alimwona akipitishwa njiani juu ya mlango uliong'olewa, mkono mmoja ukining'inia. Jioni baba yake aliingia ndani, akavua kofia, akamwambia mkewe, "Alikula hukumu yake." Hakuna aliyekumbuka kumweleza mtoto maana yake. Tangu siku hiyo, kila alipokiona kitambaa cheupe cha Meza kikitandikwa kanisani, aliuona ule mkono.

Tena kulikuwa na suala la neno. Walioomba Meza waliwaeleza wazee jinsi neno fulani la Maandiko lilivyowajia na kuwashika, kana kwamba limetaja majina yao. Dolina alilingoja lake akikamua ng'ombe, akalingoja akifua, akalingoja usingizi ukigoma. Miaka arobaini ilipita na halikuja.

Mumewe, Torcuil, hakuonekana kungoja kitu. Alikuwa mfumaji wa vitambaa vya sufu, mtu wa mzaha, ambaye kwenye hubiri la pili alisinzia mpaka Dolina amtie peremende mkononi. Watoto wao wawili walikwishahamia mbali, mmoja Glasgow, mwingine Kanada. Walibaki wawili, na ng'ombe, na kile kitanda cha kufumia kilichogonga kutwa.

Mwaka wa 1954, Alhamisi ya Juma la Meza, siku ya kufunga, Torcuil alimfuata mkewe zizini.

"Dolina, kesho nakwenda mbele ya wazee."

"Umefanya nini? Wamekuita?"

"Hawajaniita. Najipeleka. Naomba Meza."

Mikono ya Dolina iliendelea kukamua yenyewe, maziwa yakamwagikia kiatu chake.

"Unanitania."

"Mara hii sitanii."

"Neno limekujia?"

"Limenijia. Tangu mwezi wa tano, nikikata mboji. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza ni lipi, nawe ungeliona dogo."

"Ni lipi?"

"Njoni," alisema Torcuil. Alikwaruza tope kwenye kiatu chake. "Basi. Hilo tu."

Alipoondoka, Dolina alibaki ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Alimwona mumewe juu ya mlango uliong'olewa, mkono ukining'inia. Na nyuma ya hofu hiyo ilikuja nyingine iliyomtia aibu. Kama Torcuil angepokewa kweli, angekaa upande ule naye upande huu. Na ilivyokuwa kanisani, ndivyo itakavyokuwa Siku ya Mwisho. Miaka thelathini wamelala kitanda kimoja, kisha watenganishwe hivyo.

Akainua macho, akaiona boriti ya paa la zizi.

Majira matatu ya baridi yaliyopita, dhoruba ilileta gogo la msonobari pwani. Lewis hakuna miti ya mbao. Gogo kama lile mtu hulipata mara moja maishani. Ilikuwa asubuhi ya Siku ya Bwana, na maji yalikuwa yakijaa tena. Torcuil aliteremka na kamba kabla ya ibada, akalivuta mpaka mahali bahari isipofika. Jumanne akalipasua, likawa boriti hiyo. Hakuna aliyemwona isipokuwa mkewe. Wazee wangelijua hilo, wangemkatalia. Akikataliwa, hatakula. Asipokula, hatakufa.

Alasiri hiyo Dolina aliwaambia wageni anakwenda kuazima mablanketi. Alipiga hatua za haraka hadi kwa Mzee Eachann, mkubwa wa wazee wote, mjane wa miaka sabini na tisa. Alimkuta akisoma kando ya moto, miwani imefungwa kwa uzi.

"Binti Calum, karibu moto. Wageni wamekushinda, umewakimbia?"

"Mzee Eachann, Torcuil anakuja kwenu kesho."

"Najua. Ameshamwambia mchungaji."

"Mkatalieni."

Eachann alivua miwani. Dolina akayatoa yote kwa pumzi moja, gogo, kamba, na suruali iliyorudi imelowa mpaka kiunoni.

"Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza mzee.

"Niliikausha suruali."

"Ulimwambia aache?"

"Hapana. Zizi lilikuwa linavuja."

Mzee alifunga kitabu alichokuwa akisoma. Uso wake haukuwa na huruma wala ukali.

"Ungekaa kwako, binti yangu, kesho ningemuuliza habari za roho yake, nikampa mkono. Sasa nimesikia, na siwezi kufanya kama sikusikia. Nitamuuliza mbele ya wote."

"Usiseme ni mimi."

"Sitasema. Lakini nani mwingine aliyeliona gogo likivutwa?"

Dolina aliinuka kuondoka. Mlangoni aliomba mablanketi, ili asiwe amewadanganya wageni, mzee akampa mawili, naye akarudi nayo kifuani upepo ukimsukuma. Sasa aliogopa jambo la tatu, uso wa Torcuil akirudi kesho.

Ijumaa ilikuwa siku ya wanaume kusimama kanisani na kusema dalili za mtu aliyeokoka kweli. Dolina alibaki nyumbani akisema ana kazi ya jikoni. Alichemsha supu ya kondoo, viazi na samaki wa chumvi. Bi Peigi, mgeni wake wa miaka mingi kutoka parokia ya Ness, alirudi mapema kwa sababu ya miguu, akaonja kijiko.

"Dolina, samaki hawa walikuwa na chumvi tangu kwenye pipa. Umewaongezea ya nini? Unataka tukimalize kisima?"

"Nilisahau kama nimetia."

"Umesahau mara tatu, dada. Kaa chini kabla hujatuua."

Peigi alisema hivyo kwa mzaha tu, lakini Dolina alilazimika kushika ukingo wa meza.

Torcuil aliingia saa kumi na moja jioni pamoja na wageni wengine. Alitundika kofia, akaketi mahali pake, akavuta sahani.

"Wamenipokea," alisema.

Peigi alianza kulia papo hapo. Mgeni mmoja mzee alimshika Torcuil bega.

"Waliniuliza habari za gogo," Torcuil aliendelea, akimenya kiazi. "Nikawaambia ukweli. Mzee Eachann alinikemea mpaka koti likanibana. Halafu Mchungaji MacAulay akauliza lilikuwa gogo la mti gani. Nikasema msonobari, ng'ombe wangu halowi tena. Akasema zizi nisilibomoe, ila nisirudie."

"Gogo gani?" aliuliza Peigi.

"Gogo moja tu, Bi Peigi. Nipitishie samaki."

Hakumtazama mkewe. Baada ya chakula alitoka kuleta mboji, naye Dolina akamfuata nyuma ya nyumba.

"Torcuil, ni mimi."

"Najua ni wewe. Bahari haina mdomo."

"Umekasirika?"

"Nilikasirika toka kanisani mpaka darajani." Aliweka kapu chini. "Kwa nini, Dolina? Ungeniambia mimi."

"Nilimwona Iain alivyoletwa. Sitaki kukuona hivyo."

Torcuil hakucheka. Upepo uliwapigia moshi usoni.

"Nilikuwa nimelificha lile gogo," alisema. "Nilikwenda pale nikijiambia hawatauliza. Eachann alipolitaja nilitetemeka kama wewe sasa. Kisha nikaona afadhali limetoka, maana lingenikwama kooni pamoja na mkate. Ingia ndani, unapigwa na baridi."

Jumapili kanisa lilifurika. Mchungaji MacAulay aliizungushia Meza uzio wa maneno, akiwataja mmoja mmoja wasiopaswa kukaribia. Waongo, wanafiki, wavunja Siku ya Bwana. Kila alipotaja, Dolina alijikuta yumo. Mwimbishaji alianzisha zaburi, sauti zikaitikia na kupanda polepole kama maji yajaayo, na washirika wakaanza kuinuka. Torcuil aliinuka. Alipita magotini pa mkewe, akaenda mbele kwa viatu vyake vizito, akaketi karibu na mwisho wa kile kitambaa cheupe, kati ya Peigi na mlemavu mmoja wa vita.

Dolina alimwangalia koo. Aliona mkate unaingia. Aliona koo linapanda na kushuka. Kucha zake zilizama kwenye mbao za benchi, naye akangoja. Torcuil alipitisha kikombe kwa jirani yake, akafuta masharubu, akabaki ameinamisha kichwa. Hakuanguka.

Lakini Iain naye hakuanguka siku ileile. Kwa hiyo msimu wote wa baridi Dolina aliishi na masikio wazi. Torcuil akikohoa, anaweka chini alichoshika. Kitanda cha kufumia kikinyamaza, anakwenda kuchungulia. Mboji zilipoanza kukatwa, alimfuata shambani na birika la chai asubuhi na tena adhuhuri, majirani wakasema, "Torcuil, mkeo amekupenda uzeeni." Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimlinda asife.

Torcuil aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kila mwezi wa kumi alikwenda mbele, naye Dolina akabaki benchini na ile hofu ya upande huu na upande ule. Torcuil hakumsukuma hata siku moja. Mara moja tu, wakirudi kwa miguu, Dolina alimuuliza, "Ukiwa pale, unaogopa?"

"Kila mwaka."

"Na bado unakwenda?"

"Nakwenda naogopa hivyohivyo. Wewe ulidhani wenzangu wana nini?"

Ugonjwa wa kifua ulimchukua Torcuil Februari ya 1966, kitandani mwake, akiwa na akili zake timamu.

Miaka miwili baadaye Dolina alikwenda mbele ya wazee. Eachann alikuwa amekufa, na mchungaji alikuwa mwingine. Baadhi ya wazee walikuwa vijana aliowapa maziwa utotoni, lakini alipowaona wameketi kwa mstari katika chumba kidogo, aliwaamkia kama watu asiowajua.

"Ni neno gani lililokujia, Mama Dolina?" aliuliza mchungaji kwa upole.

"Halijanijia."

Mzee mmoja alisogeza kiti.

"Basi umekuja kwa nini?"

"Nimelingoja tangu nikiwa msichana. Nina miaka sitini na saba. Naogopa kula, mchungaji, tena sana. Lakini sasa naogopa zaidi kufa sijala."

"Kuna dhambi unayoificha?"

"Niliwahi kukausha suruali Siku ya Bwana, nikijua imelowa kwa nini."

Wazee walitazamana. Hawakujua wacheke au waandike. Walimtoa nje, akakaa ukumbini nusu saa nzima akisikia sauti zao bila maneno. Mmoja alitaka angoje mwaka mwingine mpaka neno lije. Alisikia hilo kwa sababu mtu huyo alipaza sauti. Alipoitwa tena aliinuka akiwa ameshajiandaa kurudi nyumbani, na mchungaji akampa mkono.

Jumapili mkate ulimponyoka, ukaanguka juu ya kitambaa. Alihisi kanisa zima limeuona. Akauokota, akaula. Hakuona mwanga, hakusikia sauti. Usiku hakulala, alikuwa akihesabu mapigo ya moyo wake, na asubuhi akaamka, akawapikia wageni uji.

Alikula tena mara saba. Mwaka mmoja Peigi, ambaye sasa alitembea kwa magongo mawili, alimuuliza kama ile hofu imekwisha.

"Haijaisha," alisema Dolina. "Inakuja Alhamisi pamoja nanyi wageni. Jumatatu mkiondoka, hupungua kidogo."

"Yangu vilevile," alisema Peigi, akaomba aongezewe viazi.