Sauti ya Margit Ndani ya Pipa

"Umezima ukawasha?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Turid. Hata ungeingia maktabani unalia, angekuuliza kwanza kama umezima ukawasha. Kila Jumanne watu wa bonde letu hapa Hallingdal walijipanga na kompyuta zao kwapani, naye akawahudumia bure, akiwasema mpaka mlangoni. Alikuwa amestaafu kiwanda cha maziwa. Kompyuta hakusomea popote. Alijifunza kwa kuharibu ya marehemu mumewe, kisha kuhangaika kuitengeneza kabla mwenyewe hajarudi kutoka kazini.

Mimi Aslaug kazi yangu pale ni kahawa na lefse, chapati zetu za viazi. Masikio yangu nayo hayana likizo.

"Turid, maandishi yamekuwa makubwa kama bango la duka!"

"Umegusa kitu, Knut."

"Wallahi sijagusa!"

"Basi imejigusa yenyewe. Ina mikono hiyo?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa na amri zake, na sote tulizijua kwa moyo. Barua ya mtu usiyemjua usiifungue, hata akikuahidi urithi wa mfalme. Kitu unachokipenda kiwe na nakala mbili, tena mahali tofauti. Na kubwa kuliko zote: pipa la taka limwagwe. "Nyumbani kwenu mtu anaweza kulia chakula sakafuni," alikuwa akitufokea, "lakini humu ndani ya mashine mnaishi kama nguruwe!"

Siku moja akaja Embrik. Mkulima mrefu, maneno yake ya kuhesabu, sweta lake limetoboka viwiko kwa sababu aliyemfumia hawezi kufuma tena. Huyo ni Margit, mkewe, aliye kwenye nyumba ya wazee. Usahaulifu ulikwisha kumla akili. Mume aliyelala naye ujana mpaka uzee alimwona mgeni.

Isipokuwa Jumapili. Kiangazi cha mwisho cha uzima wake, mpwa wake alimrekodi kule malishoni mlimani akiita ng'ombe. Kwetu kazi ya kuita ng'ombe ni ya wanawake, kwa sauti nyembamba inayopanda mpaka kilima cha pili. Mpwa akamtumia Embrik rekodi hiyo kwa barua pepe, na baadaye simu yake ikazama ziwani pamoja na kila kilichokuwamo. Kwa hiyo kila Jumapili Embrik alibeba kompyuta yake mpaka kitandani kwa Margit, akaifungua ile barua, sauti ikaita. Margit akafumbua macho. "Embrik," akasema, "funga lango." Basi, hayo tu. Lango lenyewe halipo, na ng'ombe waliuzwa zamani. Lakini alikuwa ametajwa jina lake, na kwa jina hilo Embrik aliishi wiki nzima.

Hayo bonde zima tulikuwa tunayajua. Tusichojua ni mahali alipoiweka ile barua.

"Inaniandikia kwa wino mwekundu," alimwambia Turid. "Eti sanduku la barua limejaa. Na barua za nyumba ya wazee haziniingii."

"Hebu lete hapa. Mungu wangu, Embrik! Pipa hili limevimba kama ndama aliyekula majani mabichi!"

Embrik alikuwa kwangu, anapokea kikombe. Turid akabofya. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, naye akaijibu ana hakika, kama alivyoijibu kwa ajili yetu sote miaka yote. "Haya, mzee. Sasa linapumua." Embrik akashukuru, akamwachia chupa ya jemu.

Jumanne iliyofuata hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja mezani, kofia mkononi.

"Turid, naomba unirudishie Margit."

"Margit gani tena?"

"Yule anayeita ng'ombe. Alikuwa mle kwenye pipa. Nilimweka mle."

"Pipani? Embrik, nani anaweka mali yake pipani?"

Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si kama lile banda la kule jalalani? Unaweka kiti kizima, kinakaa mpaka mwenye kukihitaji aje. Meza yangu ya jikoni imetoka pale. Nani bonde hili anatupa kitu kizima? Na hiki kipipa kina mishale ileile ya kuzunguka iliyochorwa kwenye mlango wa banda. Vitu vingine vyote vya kwenye kioo vinahamahama. Hiki hakihami."

Turid alikuwa mweupe kama karatasi.

Alijaribu, jamani, alijaribu. Alipiga simu kwa wenye kuhifadhi barua, akangojeshwa kwa muziki, akaambiwa pole. Aliipeleka mashine mwenyewe kwa fundi wa Oslo, kwa treni, ameipakata kama mtoto mchanga. Ikarudi haina kitu.

"Si kosa lako," Embrik alimwambia. Afadhali angemtukana! Na mtu akiniambia lilikuwa kosa la Turid nitammwagia kahawa, maana nani huuliza kama jalalani kuna dhahabu? Lakini yeye hakusikia la mtu. Siku hizi foleni haisogei, kwa sababu anafungua kila kilichomo pipani mbele ya mwenyewe, hata matangazo ya viatu. "Hii unaitaka? Na hii je?" Kufoka ameacha. Tunamkumbuka akifoka.

Jumapili ya kwanza baada ya mashine kurudi, niliwapeleka Embrik na Turid kwa Margit kwa gari langu. Embrik hakuwa na cha kubeba, mikono yake haikujua ikae wapi. Margit alikuwa amelala, amefumba macho. Embrik akakohoa, akasimama karibu na dirisha, akaanza kuita mwenyewe. Mwanaume, na sauti nene kama ya gogo linaloburutwa! Ilimpasukia katikati. Akaanza tena.

Margit akafumbua macho. Turid akanishika mkono mpaka ukauma.

Bibi akamtazama mumewe muda mrefu, kwa huruma. "Baba wee," akasema, "usijichoshe. Ng'ombe hawaji kwa sauti ya mwanaume. Keti umngoje Embrik wangu, hayuko mbali. Amekwenda tu kufunga lango."

Embrik akavuta kiti.

"Haya, mama," akasema. "Nitamngoja."