Kulia na Kuriya

Tarehe 16 Agosti 1981, Jumapili. Kiangazi. Vumbi jekundu, na moshi wa mashamba yanayochomwa umeficha milima ya ng'ambo. Hakuna tone la mvua mwezi wa pili huu.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, na chini yake nikaongeza: "Leo nimemshinda." Maneno hayo si ya kweli, lakini sikuyafuta. Daftari likianza kufutwafutwa halina kazi tena.

Niliyedhani nimemshinda alikuwa fundi mwenzangu. Tulishona duka moja Nyamirambo kwa miaka minne, cherehani zetu zikitazamana. Duka lilikuwa la mjomba wangu. Baba yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, na Kiswahili cha mjomba kilikuwa cha huko, kila herufi mahali pake. Mimi nililelewa ndani ya Kiswahili hicho, ingawa shuleni sikukaa sana. Mwenzangu alizaliwa Ndera, kwa wakulima, akakiokota Kiswahili sokoni na hapo dukani. Kwake R na L zilikuwa kitu kimoja. Tulimcheka kwa hilo. Naandika "tulimcheka" kwa kuwa na mimi nilikuwamo.

Mwaka huo mwalimu mmoja wa Kizungu alitangaza mbio kutoka Kigali mpaka ziwa Muhazi na kurudi. Si kwa barabara, bali kwa vijia vya milimani, kutwa nzima, kilomita zaidi ya sabini. Mwenzangu ndiye aliyeleta habari, na lazima niseme kwamba wazo lilikuwa lake kabla halijawa langu. Njia ilipita Kibagabaga, ikapanda Ndera, na ikapita kando ya boma la baba yake. Baba huyo alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba kazi ya kukaa kitako si kazi ya mwanaume. "Nataka anione napita mbio," aliniambia. "Mara moja tu, anione." Mimi sikuwa na sababu kama hiyo. Nilitaka tu kuwa mtu aliyewahi kufanya jambo moja kubwa.

Tulifanya mazoezi nyuma ya mlima Kigali, pale ardhi inapoporomoka kuelekea mto Nyabarongo. Makorongo ya huko ni ya kutisha. Kupanda, unashika magoti kwa mikono na kuyasukuma. Kuteremka, unakwenda ubavu kama kaa, na changarawe inateleza chini ya raba. Wakati wa Ramadhani nilipanda asubuhi tu, polepole, kabla jua halijakuwa kali, na yeye alinisubiri kila kilele bila kunywa maji mbele yangu. Hilo pia limo daftarini.

Watu walitusema sana. Mjini, ukitaka kumwambia mtu kwamba akili zimemruka, unamwambia aende Ndera, maana hospitali ya wagonjwa wa akili iko huko. Basi tukipita, vijana wa kwenye vibaraza walipiga kelele: "Mmekosea, Ndera iko upande ule!" Mwenzangu alijibu kila siku: "Najua, ni kwetu!" Siku moja mama mmoja aliyekuwa akilima korongoni alisimama, akaegemea jembe.

"Mumeiba nini?"

"Hatujaiba kitu, mama."

"Basi nani anawafukuza?"

Tukaendelea kupanda.

Tatizo lilikuwa sare. Shule zilikaribia kufunguliwa, na kaptula za kaki na magauni ya buluu vilijaa duka mpaka dari. Mbio zilitaka siku mbili, moja ya kukimbia na moja ya kulala. Mjomba alisema anaweza kumwachia mmoja wetu tu. Ili asiseme mtu kwamba amempendelea mpwa wake, aliamua tushindane: kutoka dukani mpaka mtoni na kurudi, kila mmoja alete kichwa cha funjo kuonyesha kwamba amefika majini.

Jumapili hiyo duka lilifunguliwa mchana. Mwenzangu aliacha misa. Alisema Mungu atamwona vizuri zaidi akiwa juu. Mjomba alisimama mlangoni na saa yake mkononi.

"Mkifika kwenye mikaratusi," alisema, "shikeni kulia, mteremke mpaka mtoni. Haya, nendeni."

Aliposema hivyo alinyoosha kidevu mbele, kama kawaida yake. Kidevu cha mjomba kilielekea huko huko hata alipokuwa anaomba chumvi.

Mwenzangu alinitangulia mpaka juu. Kufika kwenye mikaratusi, njia tulizokuwa tukipita zamani zilikuwa nyingi, tulizichagua kila siku tulivyopenda. Nilishika kulia, kijia cha ng'ombe kinachofuata mgongo wa mlima. Sikumwona mbele yangu na nilifikiri ameniacha mbali mno. Mtoni sikumkuta. Nilichuma funjo, nikarudi. Nilipoona mlango wa duka, mjomba alikuwa peke yake. Nilikuwa nimetumia saa mbili kasoro dakika kumi. Mwenzangu alitokea dakika kumi baadaye, matope mpaka mapajani, funjo limevunjika shingo. Alinipa mkono, akasema, "Umeniweza, Mswahili," akaenda kunawa.

Sikujiuliza matope yametoka wapi. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kama ni kosa. Kijia changu kilikuwa kikavu chote.

Jumanne, tukiwa tunashona, alisema bila kuniangalia: "Lile daraja ya miti kule korongoni, moja imeoza. Ukienda mazoezi uangalie mguu."

"Daraja gani?"

"Si lile tulipita juzi."

Mimi sikuwa nimepita daraja lolote. Niliendelea kukanyaga cherehani. Nilishona mfuko wa kaptula upande wa ndani ukawa nje, nikaufumua.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilikwenda peke yangu. Kwenye mikaratusi sikushika kulia. Nilikwenda mbele, kule kidevu cha mjomba kilikokuwa kimeelekea. Njia inaanguka ndani ya korongo la kwanza, inavuka magogo matatu juu ya tope, moja limeoza kweli, inapanda mgongo mwingine wenye mwinuko wa kukaba roho, ndipo inateremka mtoni. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, na sikujibania. Niliporudi, saa ya mjomba, niliyoiazima kwa uongo, ilionyesha kwamba njia hiyo ilinichukua dakika hamsini zaidi ya ile ya Jumapili. Yeye, kwa njia hiyo hiyo, alikuwa amechelewa dakika kumi tu.

Sikusema Ijumaa. Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye kazi ya umuganda na wenzetu wa mtaa, tukichimba mfereji, na sikusema vilevile. Jumapili mchana nilisema, mbele ya mafundi wote, kwa sababu nilijua nikimwambia mjomba faraghani angenishauri ninyamaze.

Mjomba aliweka mkasi chini. "Mimi nilisema kulia. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mjomba."

Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe ulisikia nini?"

"Muzehe, ulisema kuriya."

"Ndiyo. Kulia."

"Kuriya," alisema mwenzangu, na akanyoosha kidevu mbele kama mjomba mwenyewe. "Kuriya. Nikaenda kuriya."

Hapo nilielewa. Katika Kinyarwanda, kuriya ni kusema "namna ile", kama ile unayoonyeshwa. Alisikia neno la kwao, akatazama kidevu, akaenda kama kidevu kilivyosema. Sisi tuliomcheka miaka minne kwa R na L hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja zingemtumbukiza korongoni.

Mafundi walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Mjomba hakucheka. "Maagizo yalikuwa ya Kiswahili," alisema. "Asiyeyasikia hilo ni lake. Aliyefika kwanza amefika kwanza."

"Mzee amesema sawa," alisema mwenzangu, akainama kwenye kitambaa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilijua boma la baba yake liko upande gani wa njia, maana alinichorea kwa chaki ya fundi juu ya meza, na mchoro ulikuwa bado upo.

"Basi ruhusa yangu nampa," nilisema.

Mjomba aliokota mkasi wake. "Shona basi," alisema. "Ushone na zake."

Watu walinisifu baadaye, na mke wangu alikuwa wa kwanza. Nataka kuwa mwangalifu hapa. Alhamisi ile, nikivuka yale magogo mara ya pili, nilijua kwamba siwezi kilomita sabini. Niliijua hofu hiyo kabla sijaijua haki. Inawezekana nilimpa kitu nilichokuwa tayari nimekiogopa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijapata njia ya kulipima.

Tarehe 30 alikimbia. Mimi nilishona kola na mifuko tangu asubuhi, zangu na zake, na mara mbili nilitoka kibarazani nikatazama upande wa mashariki, ambako hakuna unachoweza kuona isipokuwa Kigali yenyewe na moshi.

Jua lilipokuwa linazama alikuja nyumbani kwangu, raba mkononi, akitembea kwa visigino. Mke wangu alimwekea beseni la maji ya vuguvugu.

"Umekuwa wa ngapi?" nilimuuliza.

"Sijui. Nimerudi."

"Na mzee wako?"

Alitia miguu ndani ya beseni kwanza. "Alikuwa nje, anasokota kamba ya mbuzi. Nikapita mbio. Akasimama."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nani anakufukuza?'" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Halafu akakimbia na mimi mpaka mwisho wa shamba lake. Na kamba mkononi."

Sikuandika kitu juu ya hilo jioni ile. Mke wangu alitandika mkeka, akasema karibuni kula, na mwenzangu akasema hilo neno analisikia vizuri, kwa Kiswahili kula na kwa Kinyarwanda kurya. Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, isombe, kisamvu cha huku, iliyotiwa karanga, na kipande cha samaki mkavu ambacho mke wangu alikuwa amekiweka kwa ajili yangu, kama ningekuwa mimi niliyekimbia. Tulimpa yeye kipande hicho. Alikigawa katikati.