Mvua Iliyoishia Barabarani

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilitoka Ngokolo, ninakofundisha Kiingereza sekondari, nikaenda Bukombe kumsaidia mama kuanika mpunga. Tulikuwa tumeutandaza wote uani juu ya maturubai mawili, na jua lilikuwa kali. Simu yangu ikaleta utabiri wa hali ya hewa. Nikausoma kwa sauti: "Isolated thunderstorms."

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Mvua za radi zilizotengwa."

Akaacha kugeuza mpunga. "Zimetengwa na nani? Zimekosa nini?" Kanisani kwao anayetengwa ni mtu aliyekosa.

Nikacheka. "Ni mvua kidogo tu, mama. Hapa na pale. Tusihangaike."

Kama saa tisa likatokea wingu upande wa Ushirombo. Moja tu, anga yote iliyobaki ilikuwa ya buluu. Lilikuwa limepanda juu mpaka nikalazimika kuinua shingo kuona mwisho wake, jeupe kileleni, jeusi chini kama masizi ya chungu. Mvua ilining'inia chini yake, unaona kabisa ilipoanzia na ilipokomea, na ilikuwa inatembea kuja kwetu. Tukaanza kukunja maturubai.

Haikufika. Iliishia barabarani. Ng'ambo, hatua hamsini tu, bati la jirani yetu mjane lilikuwa linapigwa hadi mimi na mama hatusikilizani, na sisi jua linatuchoma mgongoni. Kisha radi ikapiga mkwaju ulio nyuma ya nyumba yake. Mti ukapasuka toka juu hadi chini, kufumba na kufumbua. Ardhi ikatikisika. Mama akafanya ishara ya msalaba. Niliogopa, lakini sikutaka kufumba macho.

Jirani akatoka mbio, akavuka barabara, akaingia uani kwetu akichuruzika maji juu ya vumbi kavu.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa mazoea.

"Marahaba. Mimi mzima," akajibu akitetemeka. Akamgeukia mama. "Lakini mahindi yangu, dada! Yote yalikuwa nje."

Mama akanitazama. "Hii ndiyo kidogo?"

"Nilikosea, mama. Neno lile linasema mvua zitakuwa chache, kila moja kivyake. Halisemi zitakuwa ndogo."

"Ungeanzia hapo."

Mvua ilipopita tulivuka wote watatu, tukayabeba mahindi yaliyolowa kwa ndoo na mabeseni, tukayatandaza uani kwetu kando ya mpunga. Jirani akaketi kwenye kigoda akiyageuza, akisimulia kwa mara ya tatu jinsi mwanga ulivyoingia ndani kupitia kila tundu la msumari. Wingu lilikuwa limeshafika mbali, upande wa Geita, linamulika kwa ndani bila sauti.

"Sasa linakwenda kwa nani?" akauliza.

Tulisimama tukiliangalia.