Mwenyekiti wa Kitongoji Alikuwa Mume Wangu

Kijijini kwetu Ngenge, ugomvi wa nyumbani ulianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukimshinda, aliupeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa mume wangu, na ndiye aliyekuwa akinipiga.

Alinipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa mguu wa kiti. Siku moja alinivunja jino kwa sababu ndizi zilichelewa kuiva. Kesho yake wakaja mke na mume waliogombana, akawasuluhisha vizuri kabisa pale barazani, nami nikawaletea maji ya kunywa huku nimefumba mdomo.

Nilimwendea mtendaji, kijana aliyetoka Bukoba mjini.

"Mama, umeshapita kwa mwenyekiti wako wa kitongoji?"

"Ndiye huyo mume wangu."

Akainamisha kichwa. "Basi kaongee naye. Lazima tufuate utaratibu."

Nilimweleza jirani yangu, mjane aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alinisikiliza huku tukipalilia maharage.

"Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mzima anayeishi hapa," alisema. "Ikifika ajenda ya mwisho, ya mengineyo, nyoosha mkono. Nitakaa karibu nawe."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Wakulima na wafugaji walibishana sana juu ya mpaka wa malisho. Mume wangu alikuwa meza kuu. Yalipofika mengineyo, nikasimama.

"Naomba kuuliza. Mtu anayepigwa na mwenyekiti wa kitongoji akashitaki wapi?"

Wanaume wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mama, hayo ni ya chumbani. Kaa chini."

Sikukaa. Nilivua kilemba, nikawaonyesha kovu kichwani.

Mume wangu aliinuka na fimbo yake. Pigo la kwanza lilinipata sikioni, nikaanguka. Akanipiga teke la mbavu, kisha jingine. Watu walikuwa wamekaa tu, wanatazama. Mjane akajitupa juu yangu, akainua mkono kukinga, na fimbo ikatua hapo. Niliusikia mfupa ukivunjika.

Hapo ndipo wanawake walipoinuka, wake wa wakulima na wa wafugaji pamoja. Walimpiga kwa vigoda, kwa viatu, kwa mawe ya uwanjani, mpaka shati lake likalowa damu na wanaume wakalazimika kumwokoa. Mimi nililala pale vumbini nikitamani wasimwokoe.

Baada ya hapo wakazi wa kitongoji waliitwa, wakapiga kura, wakamwondoa. Mtendaji alisoma kosa mbele ya watu: kuvuruga mkutano halali na kumjeruhi mjumbe. Nilimfuata kando nikamuuliza kwa nini mimi sikutajwa.

"Mama, si ametoka?" alinijibu.

Mjane aligombea nafasi ile, akashinda, mkono ukiwa bado umefungwa. Wanawake wanaopigwa sasa wanaanzia kwake, na wengine amewasindikiza mwenyewe hadi polisi.

Mimi niliondoka. Nimepanga chumba Kashai, huko Bukoba mjini, nauza chapati asubuhi, na sikio la kushoto halisikii tena. Mjane hunipigia simu akanipa habari za huko. Aliyekuwa mume wangu yuko kijijini, ameoa tena. Kila mkutano wa kitongoji anakuja, anakaa mbele, ananyoosha mkono kama wengine, na mjane anasema humwacha aongee.