Mita ilisema amplifier imekufa, balbu ikanipatia mke

Wakuu, heshima kwenu. Hii si ya kusimuliwa, mhusika ni mimi mwenyewe.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi redio Korogwe. Nikaitwa kijiji cha Mazingara: amplifier ya kijiji, ile ya betri, imenyamaza, na kesho yake ni sherehe ya mavuno.

Presha yangu ilikuwa nyingine kabisa. Nilikuwa nimepeleka posa ya binti, Mwanaidi, kwa mama yake, Mama Mwanaidi, mjane wa hapo, na jibu bado. Alitaka kwanza ajue kama ufundi wangu ni wa kweli au wa mdomoni tu.

Nikamkuta fundi mwenzangu wa Handeni, Mwinjuma, keshapima. Sauti kali kuliko zote kijijini ni kigelegele cha Mama Mwanaidi, basi kampigisha kwenye maiki! Mita yake ya sindano, ile ya kupimia umeme wa majumbani, imeinuka kidogo ikalala.

Akatangaza, "Output imekufa hii, haitoi nguvu kwenda spika. Ipakiwe lori la jioni, iende Tanga."

Nikasema, "Shikamoo mama. Naomba kingine."

Nikaunga balbu ya taa ya gari kwenye waya zilezile za output, mita ikiwa palepale. Akapiga. Wakuu, balbu iliwaka nyeupe pee! Sindano? Imelala chali.

Mwinjuma akashika kichwa. Nikamwambia yeye aimbe "mmmm" nzito. Sindano ikapanda!

Kumbe mita ile imezoea mtetemo wa chini wa umeme wa nyumbani, sauti nyembamba haiioni. Balbu haichagui.

Sasa kama amplifier ni nzima, spika ya mlingotini mbona bubu? Tukaufuata waya. Loh! Akina mama wameugeuza kamba ya kuanikia, na kanga mbichi imening'inia pale pale kiungo kilipoachia. Tukaunga, mimi na Mwinjuma hatuna mbavu.

"Mama, jaribu sasa."

Akashika maiki. Mimi nangoja kigelegele. Spika ikanguruma kijiji kizima:

"Mwanaidi! Bandika chai, mkwe wangu amefika!"

Lahaula! Vigelegele vikajibu kila nyumba. Nusura niangushe balbu.

Funzo: kabla hujatangaza msiba wa amplifier, pima na kifaa cha pili. Mafundi wenzangu, nyie output mnapima na nini? Tiririkeni hapo chini.

Mwanaidi yuko hapa ubavuni ananisomea. Anasema niwe mkweli hadi mwisho: ile kanga wayani ilikuwa yake.