Mama Alipopuliza Ule Mfuko

Mama alikataa kumbeba mtoto wangu. Nilijifungua ndani ya turubai, kambini Kanyaruchinya, baada ya kukimbia vita kwetu Kiwanja, na tangu siku ile alimwangalia mjukuu wake kutoka mlangoni tu. Mama alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, makohozi hayatoki, kwa hiyo waganga wa zahanati ya kambi hawakuwa na kitu cha kupima.

"Kama ni kifua kikuu nitamuua huyu mutoto," alisema. "Acha kwanza nijue."

Kisha mashini ikaja kambini. Unapuliza ndani ya mfuko, mashini inanusa pumzi yako, na muda si mrefu unaambiwa kama ugonjwa upo. Muganga aliyekuja nayo alitukataza kula kabla ya kupuliza. Hilo mama alilikubali bila maneno, alishazoea kufunga kabla ya komunyo.

Asubuhi akapuliza. Mashini ikakataa kujibu. Muganga akamsogelea, akanusa.

"Mama, umekula nini?"

"Aka! Sijakula kitu, papa."

"Na hii harufu?"

Majani ya mkaratusi. Aliyatafuna tangu alfajiri, halafu akasukutua. Kwetu humpumulii mgeni na kinywa cha usingizi, na mama alijiheshimu hata kwenye matope ya kambi. Nyuma yetu, watu kwenye mstari wakaanza kutema majani kimyakimya. Kumbe wote! Muganga akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikasirika, nilitaka kumtingisha mama mabega.

"Rudi kesho," muganga akasema, "na kinywa chako kama kilivyo."

Kesho yake mabomu yalianguka karibu, kambi yote ikamwagika barabarani. Mama alibeba godoro na sufuria. Nilipochoka nikamwomba amchukue mtoto kidogo tu. Aka. Aliongeza furushi langu kichwani, akatembea mbele.

Mtaani Keshero tulilala kwa binamu ya marehemu baba. Ukiniuliza nilihisi nini siku zile, sijui. Nilipika, nilifua, nilinyonyesha. Mama alivimba miguu, akaacha kuinuka.

Halafu tukasikia mashini iko kwenye kituo cha afya cha pale mtaani. Tukampeleka kwa pikipiki, mtoto mgongoni mwangu, nimemshikilia mama kwa nyuma. Alipuliza kidogo kidogo, akimwomba muganga samahani kwa harufu ya kinywa chake. Jibu likatoka tungali tumekaa: hakuna kifua kikuu. Muganga akamlaza kitandani, akamsikiliza kifua, akaniita pembeni. Ni moyo, akasema, umechoka sana.

Nikarudi kitandani, nikamlaza mtoto kifuani pake, maana mikono yake haikuwa na nguvu tena ya kubeba. Mama akageuza uso ukutani, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Mama, mashini imesema hauna."

"Nimesikia, mama."

Lakini hakugeuka. Alimshika mtoto mguu mmoja, akaendelea kupumulia ukutani. Hivyo ndivyo alivyombeba, mara ile moja, na Jumapili tukamzika mama.